Fainali ya Giza

Sehemu ya Saba

“Aliyeikubalia Katonga kucheza fainali wakati wa giza yumo humo humo studioni kwenu. Wala si mgeni. Ni mtoto wetu.”

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Mwanvua wiki iliyopita, na hapo ndipo simu yake ilipokatika. Msomaji anayeamini kwamba ilikatika kwa bahati mbaya ana moyo mzuri. Katika hadithi hii, moyo mzuri haujamfaa mtu hata mmoja.

Studio ya Mwale FM ilinyamaza. Redio iliyonyamaza ni kama duka lililofungwa mchana: kila apitaye hudhani kuna msiba.

Humo ndani walikuwamo watu watatu. Hamdani wa Ujiji, mtangazaji mkongwe wa kipindi cha *Filimbi ya Kwanza*, alikuwa ameketi akiwa na kikombe chake cha tangawizi. Nyuma ya kioo alikaa Diana, fundi mitambo kutoka Kasulu, ambaye mpira ulimhusu kama mvua ya nchi nyingine. Wa tatu alikuwa Safina, mtangazaji kijana aliyefunzwa na Hamdani, na kati ya hao watatu mtoto wa Katonga, mtaa wa wavuvi, alikuwa yeye tu.

Hakuhitaji kuhesabu. Kigoma nzima ilikwisha kumhesabia.

“Wasikilizaji, mitandao ina mambo yake,” alisema Hamdani kwa sauti ile laini iliyowafundisha kazi watangazaji wengi wa mji ule. “Mama yetu tutamtafuta. Kwa sasa tuko na Samson wa Gungu. Samson, karibu.”

“Mwakeye, Mwale FM,” Samson alisalimia kwa Kiha.

“Mwakeye neza. Sema, bingwa.”

“Mimi sina mengi. Nauliza tu kama kipa wa Katonga ameshaamka.”

Hamdani alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayelipwa kucheka. Safina hakucheka. Kipa na nahodha wa Katonga alikuwa Saidi, na Saidi alikuwa kaka yake, tumbo moja.

“Bao la tatu lile,” Samson aliendelea, “mshambuliaji wetu alimpita kwa kunyata. Aliogopa kumwamsha. Hata refa alipuliza filimbi taratibu. Sasa leo mnatuambia mnataka mechi irudiwe. Irudiwe kwa sababu gani? Usingizi? Basi na sisi bodaboda tukate rufaa, maana hatujalala tangu mwaka juzi.”

“Samson,” Safina alisema, “wachezaji saba walitoka ziwani asubuhi, wakashuka kwenye vipe vyao vya kuvulia dagaa wakaingia uwanjani. Hilo unalijua.”

“Nalijua, dada. Na wewe unajua zaidi, kama kweli alivyosema yule mama.”

Akakata mwenyewe.

Kwa faida ya aliyeanza kutusoma leo, jambo lenyewe ni hili. Dagaa wa Tanganyika hufuata taa, na taa haina kazi mbele ya mwezi. Kwa hiyo wavuvi wa Katonga hukesha ziwani siku za giza na kulala majumbani mwao siku za mbalamwezi. Kombe la Ziwa limepangwa kwa mwezi huo huo tangu lilipoanzishwa: hakuna timu ya wavuvi inayochezeshwa wakati wa giza. Na tarehe ikibidi kubadilishwa, hubadilishwa hewani. Kila timu ina mtu mmoja anayeitwa sauti ya timu. Sauti hiyo ikisema ndiyo katika *Filimbi ya Kwanza*, imekubali timu nzima. Sauti nyingine yoyote ni kelele.

Sauti ya Katonga ni Mama Mwanvua, mwenye vipe na vichanja vya kukaushia dagaa.

Fainali ya mwaka huu ilikuwa imepangwa wakati wa mbalamwezi. Ikahamishwa. Ikaangukia giza la mwisho kabla ya ziwa kufungwa kwa ajili ya samaki kuzaliana, giza ambalo hakuna baharia wa kipe awezaye kubaki nchi kavu akalisha watoto wake miezi itakayofuata. Gungu Kwanza walilala, wakaja, wakashinda manne kwa sifuri. Katonga walidhani sauti yao ilikuwa imekubali. Baada ya kufungwa, sauti yao ikasema haikuulizwa.

Siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri, kamati ya Kombe ingekaa. Ikithibitika kwamba sauti ya Katonga haikukubali, fainali ingerudiwa. Isipothibitika, kombe lingebaki Gungu, na lawama ingebaki kwa mtu aliyetajwa redioni mbele ya kila chombo na kila jiko la mwambao.

Katika kioo cha kompyuta mbele ya Safina, jumbe za wasikilizaji zilikuwa zikipandana.

*Nyoka wa nyumbani.*

*Ndiyo maana alipewa kutangaza fainali. Mwanamke wa kwanza, kumbe ana bei yake.*

*Safina usikanyage vichanjani.*

Ujumbe huo wa tatu ulitoka kwa mwenye vichanja mwenyewe, mwanamke aliyemfundisha kutembea.

“Mwalimu,” Safina alisema hewani. Hakupanga kulisema, lakini neno likishatoka kwenye kipaza sauti halina njia ya kurudi. “Siku tarehe ilipobadilishwa, mimi nilikuwa Mwandiga, nimetumwa kwenye mashindano ya shule. Kipindi ulikiendesha peke yako. Waambie wasikilizaji Katonga ilikubali vipi.”

Hamdani alikunywa tangawizi yake bila haraka.

“Kwa simu.”

“Hewani?”

“Nje ya hewa. Siku ile tulikuwa na wageni, muda ukabana. Nilipata simu kutoka Katonga, nikaridhika, nikatangaza.”

“Simu ya Mama Mwanvua?”

“Simu kutoka Katonga.”

“Ya nani, mwalimu?”

“Binti yangu, mtangazaji hamtaji anayempa habari. Nilikufundisha hilo siku ya kwanza.” Akageukia kipaza sauti chake. “Wasikilizaji, tusikilize muziki.”

Taa nyekundu ilizimika. Wimbo ulianza. Hamdani alisimama, akajinyoosha, akatoka nje kwenda kuongeza tangawizi, kwa utulivu wa mtu aliyeacha mlango wazi akijua hakuna wa kuingia.

Diana alibonyeza kitufe cha kuzungumza kutoka upande wake wa kioo.

“Dada Safina. Huyu mzee anajua kwamba mashine inarekodi?”

“Inarekodi kipindi. Kila mtu anajua.”

“Inarekodi laini. Simu ikipita kwenye laini ya kipindi, iwe hewani au nje ya hewa, inakaa humu. Wanaotoa leseni ndivyo walivyotaka. Mimi nilidhani anajua.”

Hamdani alikuwa amefanya kazi redioni tangu enzi za kanda za kuzungusha kwa mkono. Alijua sauti za watu wote wa mwambao. Kitu ambacho hakukijua ni chombo alichokaa mbele yake kila siku.

“Nitafutie,” alisema Safina, akavaa vipokea sauti.

Diana hakuchukua muda. Kwanza ilisikika kelele ya laini, kisha sauti ya Hamdani.

“Mwale FM, Hamdani hapa.”

“Shikamoo, kaka Hamdani. Ni mimi, Saidi.”

Safina alikuwa amejiandaa kwa sauti yoyote isipokuwa hiyo. Alishika ukingo wa meza.

“Sema, nahodha.”

“Ile tarehe yako. Katonga tumekubali.”

“Umefanya jambo la maana.”

“Ila usinigeuke. Ulisema mitambo ya kurusha mpira moja kwa moja inapatikana Jumamosi hiyo tu, na ikija, Safina ndiye atakayetangaza.”

“Nimesema. Kipaza sauti ni chake.”

“Na asijue kama ni mimi.”

“Atajuaje?”

Kisha Saidi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea:

“Basi. Tutacheza na usingizi wetu.”

Rekodi iliishia hapo.

Safina hakuvua vipokea sauti. Alikuwa akisikia sauti nyingine, yake mwenyewe, siku ya fainali. *Mpira huo, krosi, Saidi yuko pale, Saidi anautazama, Saidi haruki, wasikilizaji, Saidi hakuruka.* Aliyasema kwa ufasaha. Watu wa Ujiji waliegesha pikipiki ili wamsikilize. Alikuwa amemkejeli kaka yake mbele ya mkoa mzima, kwa kipaza sauti ambacho kaka yake alikuwa amemnunulia kwa timu yake.

Naye Saidi alikuwa hayupo wa kuulizwa. Tangu kesho yake ya fainali hakuonekana Katonga. Waliosema wanajua walisema amevuka ziwa kwa aibu, yuko Uvira kwa shangazi. Watu wa mwaloni, pale vipe vinapotia nanga, walikuwa wakimtafuta, na si wote waliomtafuta kwa salamu.

Hamdani alirudi na kikombe kilichojaa. Alimtazama Safina, akamtazama Diana kupitia kioo, kisha akaweka kikombe mezani.

“Umesikiliza,” alisema.

“Nimesikiliza.”

“Vizuri. Sasa unajua kwamba hukusalitiwa na adui. Ulipendwa.”

“Na wewe, mwalimu? Wewe ulinipenda wiki hii nzima, watu wakinong’ona jina langu nawe umekaa hapo unakunywa tangawizi?”

“Nilidhani litapita. Mashabiki wa mpira husahau. Wiki ijayo wangekuwa wanamtukana kocha.”

“Mama ametaja hewani kwamba ni mimi. Ulikuwa na jibu mdomoni. Ukapiga muziki.”

Hamdani alivuta kiti, akaketi karibu naye, kama zamani alipokuwa akimfundisha namna ya kuvuta pumzi kabla ya kusoma habari.

“Nisikilize. Mitambo ile niliitafuta miaka mingi. Kigoma kila siku tunasimuliwa mpira na watu wa mbali. Siku moja nilitaka mpira wa huku usimuliwe na mtu wa huku, na nilimtaka awe wewe. Samaki hapatikani bila mtu kulowa.”

“Waliolowa ni Katonga. Wewe uko mkavu.”

Hamdani alishusha sauti.

“Haya, fanya hesabu yako mwenyewe. Ukiicheza rekodi hiyo, kamati itasikia kwamba aliyekubali ni kipa wala si sauti ya timu, na nje ya hewa. Mechi itarudiwa. Katonga watashangilia. Na kaka yako hatakanyaga mwaloni maisha yake yote. Hakuna kipe kitakachomchukua, hakuna nyumba itakayompa mke. Usipoicheza, mimi nitasema nilikosea kusikia, nitaomba radhi, jina lako litasafishwa polepole. Kombe litabaki Gungu. Kombe ni bati tu, Safina.”

Alikuwa mwalimu mzuri. Alieleza mtego wake kwa mpangilio ule ule aliotumia kufundisha.

“Jina langu nitalisafishaje kwa uongo wako?” alisema Safina. “Na wale saba waliocheza wakiyumba? Hamisi, mmoja wao, alitapika pale golini, ukaniambia niseme ni jua.”

“Lilikuwa jua pia.”

Wimbo ulikuwa ukielekea ukingoni. Diana alinyoosha kidole juu, ishara ya kwamba hewa inarudi, kisha akanyoosha kingine kuelekea simu. Mtu alikuwa akisubiri kwenye laini. Aliandika jina kwenye karatasi, akaliweka kwenye kioo.

*Mama Mwanvua.*

Huyo ndiye aliyewalea Safina na Saidi baada ya mama yao kuchukuliwa na homa. Hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa jirani mwenye sufuria kubwa, na katika Katonga hilo lilitosha. Wote wawili walimwita Mama, naye aliwaita wanangu, mpaka wiki hii, ambapo alimwita mmoja wao msaliti mbele ya redio.

Taa nyekundu iliwaka.

“Tumerudi,” alisema Safina kabla Hamdani hajafungua mdomo. “Mama Mwanvua yuko nasi tena. Shikamoo, Mama.”

Marahaba haikuja.

“Niko mwaloni hapa na watu wangu,” ilisema sauti ya Mama Mwanvua. “Wanataka kusikia. Utasema mwenyewe au niseme mimi?”

Safina alisikiliza. Alikuwa amekulia mwaloni. Mwaloni pana injini, pana wanawake wanaobishana bei, pana upepo unaoingia kwenye kila simu. Katika simu hii hapakuwa na upepo. Palikuwa na mwangwi tu, sauti yake mwenyewe ikimrudia kwa kuchelewa kidogo, kutoka kwenye redio iliyowashwa ndani ya chumba.

Aliuweka mwangwi huo pembeni. Wakati wake ulikuwa haujafika.

“Mama, punguza redio.”

“Redio iko mbali. Sema.”

“Mama, nakuuliza mbele ya kamati, maana najua wanatusikiliza. Wewe ndiye sauti ya Katonga. Uliwahi kukubali tarehe ya giza?”

“Sikukubali, sikuulizwa, sikujua. Nilikuwa msibani. Nilisikia kama walivyosikia wengine, mambo yamekwisha.”

“Na unajua aliyekubali?”

“Najua yupo mmoja aliyefaidika. Nani mwingine alipewa kipaza sauti?”

Hamdani alitikisa kichwa taratibu, ishara ya kumwambia Safina aache. Pengine, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, alimwonea huruma kwa dhati. Huruma ya dhati mara nyingi huja ikiwa imechelewa hivyo.

“Ni kweli,” alisema Safina. “Nilifaidika. Sikujua, lakini nilifaidika, na nilitangaza mabao manne ya watu waliokosa usingizi kwa ajili yangu. Hilo ni langu, nalichukua. Lililobaki si langu. Diana, cheza.”

Diana alimtazama kuhakikisha. Kisha akacheza.

Rekodi ilipita hewani kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilipita Katonga na Kibirizi, Gungu na Mwandiga, na kwenye simu za mabaharia waliokuwa wakishona nyavu. *Katonga tumekubali. Na asijue kama ni mimi. Tutacheza na usingizi wetu.* Hamdani alikuwa ameinamisha uso. Kikombe chake kilitoa mvuke peke yake.

Ilipokwisha, Safina alijua ametoka kumzika kaka yake akiwa hai. Alikuwa pia ameiokoa Katonga. Mambo hayo mawili hayakupunguzana hata kidogo.

“Mama,” alisema. “Umesikia.”

“Nimesikia.”

Sauti ya Mama Mwanvua ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imepanda na kunyooka, sauti ya mtu anayejua anasikilizwa na wengi.

“Basi na mimi niseme, kamati isikie na mwambao usikie. Yule niliyemsikia nimemlea mwenyewe. Nimempa sahani kabla ya wanangu wa kuzaa. Leo ameuza timu bila kuniambia mimi niliye sauti yake. Kuanzia sasa si mtoto wa Katonga. Chombo changu asipande, mwaloni petu asikanyage, na popote alipo huko Uvira, abaki huko huko.”

Hapo, nyuma ya maneno yake, mwangwi ulikatika ghafla. Mtu alikuwa amezima redio. Kisha sauti nyingine ikaingia kwenye simu, kutoka ndani ya chumba kile kile kisicho na upepo. Ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuzungumza na watu.

“Mama. Ile simu niliyompigia Hamdani si ulinipa wewe?”

Hamdani aliinua uso.

“Ulikaa hapo kitandani,” sauti iliendelea, “ukasema, mwambie ndiyo, binti yetu atangaze, Gungu tutawafunga hata tukiwa tumelala. Nikakwambia sema wewe mwenyewe hewani. Ukasema sauti ya Katonga ikikubali giza, itachekwa.”

“Nyamaza,” alisema Mama Mwanvua, lakini hakulisema kwenye simu. Alilisema pembeni, kwa sauti ambayo Safina aliijua tangu utotoni, ile ya kuwanyamazisha watoto wawili mbele ya wageni.

Safina alielewa yote kwa pamoja, na hakuna hata moja lililomfariji. Mwanamke aliyewalisha alikuwa amemtuma mtoto mmoja kufanya jambo, akamficha chumbani lilipoharibika, kisha akaenda redioni kumtupia lawama mtoto wa pili. Na ikiwa Saidi alisema kweli, basi sauti ya Katonga ilikuwa imekubali tangu mwanzo, japo nje ya hewa, na ushindi alioununua kwa jina la kaka yake sasa hivi ulikuwa ukimtoka mikononi. Kamati ilikuwa ikisikiliza. Samson wa Gungu, bila shaka, alikuwa tayari anapiga simu.

Hamdani alimfanyia Diana ishara ya kukata koo: kata laini.

Diana, ambaye mpira haukumhusu, aliitazama ishara ile, kisha akamtazama Safina. Laini haikukatika.

Safina alisogeza kipaza sauti.

“Karibu hewani, Saidi,” alisema. “Mwombe Mama akupe simu.”